Je, wajua kwa nini jaji hana hiari kwenye kesi ya mauaji?

Desemba 25, 1971, shambani Isimani, mkoani Iringa, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, aliyekuwa akisimamia kampeni ya vijiji vya ujamaa. Kisha akaupakia mwili garini, akaendesha mwenyewe hadi polisi Iringa mjini na kujisalimisha. Alinyongwa.

Kwani kujisalimisha hakukumpunguzia? Kungempunguzia wapi! Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema aliyepatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia atahukumiwa kifo, basi. Kwa mwizi, jaji husikiliza maombolezo: nina watoto, ni kosa la kwanza. Kwa muuaji hayo hayabadilishi kitu. Wanaoepuka kitanzi kwa mujibu wa sheria ni mjamzito, ambaye hufungwa maisha, na aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa.

Ndiyo maana vita yote ya wakili iko kabla ya hukumu: je, alidhamiria? Aliyechokozwa ghafla akapiga kwa hasira hiyo hiyo anaweza kuhesabiwa kuua bila kukusudia. Hapo jaji anapata uhuru wote, kuanzia kumwachia kwa masharti hadi kifungo cha maisha. Kwa hiyo ukisikia Mahakama Kuu Mbeya mashahidi wanahojiwa siku nzima kuhusu panga lilikuwa la ukubwa gani na lilipiga shingo au mkono, usidhani wanapoteza muda. Dhamira husomwa humo.

Uhaini nao una adhabu ya kifo, pamoja na baadhi ya makosa ya wanajeshi. Ujambazi wa kutumia silaha haumo, ingawa vijiweni wengi hubisha. Huku ni miaka 30 jela. Labda wanachanganya na sheria ya Kenya.

Hukumu za kifo zinaendelea kutolewa, ila Tanzania haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, kwa sababu lazima Rais aidhinishe. Mwaka 2017 John Magufuli alisema hadharani kwamba hatasaini. Ibara ya 45 ya Katiba inamruhusu Rais pia kubadilisha kifo kuwa kifungo.

Novemba 28, 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba kumnyima jaji hiari kunakiuka haki ya kuishi. Serikali ikapewa mwaka mmoja kuiondoa lazima hiyo. Mwaka ukapita, kifungu hakikuguswa.