Medicare ya Marekani: yanayosemwa Goma na Bukavu, na ukweli wake

Goma na Bukavu zina familia nyingi zenye watoto Marekani, na mtoto akishapata uraia wa huko, mara nyingi anaanza kuandaa karatasi za kumwita baba au mama. Kabla ya tiketi kununuliwa, swali la matibabu hujibiwa kwenye grupu ya WhatsApp kwa sentensi moja: «Huko wazee wanatibiwa na serikali.» Sentensi hiyo imewaingiza wengi kwenye madeni ya hospitali. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee na walemavu, ipo kweli tangu sheria yake ilipotiwa saini mwaka 1965. Lakini inaangalia tarehe na historia ya kazi, na mtu asipozijua anaumia.

«Mzee akiwa na miaka 65 anaingia mara tu akifika»

Hapana. Asiye raia ambaye yeye wala mwenzi wake hana historia ya kazi ya kutosha huko lazima kwanza awe na ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, na awe ameishi Marekani miaka 5 mfululizo. Mama wa miaka 68 anayetua leo kwa karatasi za mwanawe atafungua mlango wa Medicare akiwa na miaka 73. Neno «mfululizo» nalo lina uzito: anayerudi Bukavu kukaa muda mrefu katikati ya miaka hiyo anaweza kulazimika kuanza kuhesabu upya.

Kwa wakimbizi mambo yamebadilika. Kwa sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025, mkimbizi ambaye bado hajapata grini kadi haingii tena Medicare, na waliokuwa tayari ndani bila kadi hiyo wamepewa miezi 18 tu tangu tarehe hiyo. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grini kadi baada ya mwaka mmoja nchini, kwa fomu I-485. Kama mzee wenu amefika na mwaka umepita, fomu hiyo isilale kabatini.

«Mtoto wangu amefanya kazi miaka kumi, kazi yake inanitosha»

Hili ndilo kosa linalogharimu zaidi, kwa hiyo tulifafanue vizuri. Medicare ina sehemu kadhaa. Sehemu A ni ya kulazwa hospitali. Inakuwa bila mchango wa kila mwezi kwa aliyejikusanyia pointi 40 za kazi, ambazo ni kama miaka 10 ya kazi iliyokatwa kodi. Mwaka 2026 pointi moja inapatikana kwa kila dola 1,890 za mapato, na mtu hapati zaidi ya pointi 4 kwa mwaka.

Pointi za mume au mke zinaweza kukusaidia. Za mtoto aliye hai hazikusaidii hata kidogo, hata awe daktari au dereva wa lori mwenye mshahara mnono. Haki hiyo inashuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto: kijana aliyepata ulemavu kabla ya kutimiza miaka 22 anaweza kuingia kwa kazi ya mzazi wake. Kupanda kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi kunawezekana tu pale mtoto aliyefanya kazi amefariki naye ndiye aliyekuwa akibeba angalau nusu ya matunzo ya mzazi.

Mzee asiye na pointi hafungiwi mlango baada ya ile miaka 5, ila ananunua. Mwaka 2026 Sehemu A inamgharimu dola 565 kwa mwezi, au dola 311 kama ana pointi kati ya 30 na 39. Juu yake anaongeza Sehemu B, ya daktari na vipimo, kwa dola 202.90 kwa mwezi. Ndiyo maana tunawaambia wazazi wanaofika wakiwa na miaka 55 au 58 na bado wana nguvu: kazi ya masaa machache yenye karatasi rasmi ina thamani kuliko kazi ya mkononi isiyoandikwa popote. Fedha ya mkononi inaliwa na kuisha, wala haiachi pointi.

«Ni kama mituele, nyumba nzima inaingia»

Waliozoea mituele za afya za kwetu, ambapo baba anaandikisha mke na watoto pamoja, wanadhani hata huko kadi moja inabeba nyumba. Medicare ni ya mtu mmoja mmoja. Mume mwenye miaka 66 akiingia, mke wake wa miaka 60 anabaki nje mpaka afikishe masharti yake mwenyewe.

«Ukishapata kadi, kila kitu ni bure»

Ukilazwa mwaka 2026, dola 1,736 za kwanza unalipa wewe. Kwa daktari, unaanza na dola 283 kwa mwaka, kisha Medicare inalipa asilimia 80 na wewe 20, bila kikomo katika Medicare ya kawaida, ile inayoendeshwa na serikali moja kwa moja. Meno, miwani na vifaa vya kusikia kwa kawaida havimo. Dawa za nyumbani zinahitaji Sehemu D, ambayo kwa mwaka 2026 inakuwekea kikomo cha dola 2,100 mfukoni kwa dawa zilizo kwenye orodha ya mpango wako.

Kuna mtego mmoja ambao familia nyingi haziuoni. Mzee anaanguka, anapelekwa hospitali, analala kitandani usiku tatu, anavalishwa bangili ya mkononi, analetewa chakula. Kwenye kompyuta ameandikwa kuwa yuko «chini ya uangalizi», hakuandikwa kuwa amelazwa. Akihamishiwa kituo cha kujifunza kutembea tena, faktire yote inamrudia, kwa sababu Medicare ya kawaida inalipia kituo hicho tu kama mgonjwa amelazwa rasmi siku 3 mfululizo kabla. Akiwa na siku hizo, siku 20 za kwanza halipi kitu, na kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 analipa dola 217 kwa siku. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa muulize muuguzi: mzee wetu amelazwa, au yuko chini ya uangalizi? Kama ni uangalizi, mwombe daktari aeleze sababu na aangalie kama anastahili kulazwa. Na nyumba ya kutunzia wazee kwa miaka? Hiyo Medicare hailipi.

«Medicare na Medicaid ni kitu kimoja»

Medicaid ni ya wenye kipato kidogo na kila jimbo lina kanuni zake. Mzazi aliyeingia kwa karatasi za familia kwa kawaida anasubiri miaka 5 hata huko, isipokuwa kwa matibabu ya dharura. Baada ya hapo mtu anaweza kuwa na zote mbili. Mwenye kipato kidogo aombe kwa jimbo lake msaada wa kulipiwa michango ya Medicare. Wengi wanastahili na hawajawahi kuomba. Jimbo likianza kulipa Sehemu B, hata faini ya kuchelewa kujiandikisha inaondoka.

«Nitajiandikisha nikianza kuumwa»

Dirisha lina miezi 7: mitatu kabla ya mwezi unaotimiza masharti, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Ukilikosa bila kuwa na bima ya kazini, unasubiri dirisha la kila mwaka, kati ya tarehe 1 Januari na 31 Machi, na Sehemu B inaongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 uliyochelewa. Aliyechelewa miaka 3 angelipa mwaka 2026 karibu dola 264 kwa mwezi badala ya 202.90, na kwa mzee ongezeko hilo linabaki maisha yote.

«Mlemavu anaingia papo hapo»

Chini ya miaka 65, mlemavu anaingia baada ya miezi 24 ya kupokea SSDI, malipo yanayotokana na kazi. Malipo hayo yenyewe yana miezi 5 ya kusubiri, kwa hiyo hesabu ni kama miezi 29. Mwenye ALS, ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu na kudhoofisha misuli, hasubiri. Mwenye figo zilizokufa anayefanyiwa dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida anaanza mwezi wa nne wa dialisisi hiyo, ila naye lazima awe na pointi zake, za mwenzi, au za mzazi. SSI, msaada wa maskini, haileti Medicare.

«Akirudi Goma kutembea, bima inamfuata»

Haimfuati. Faktire ya hospitali ya Heal Africa au ya Panzi hailipwi na Medicare. Mzee abebe dawa za safari nzima pamoja na ordonansi. Akiacha kulipa Sehemu B kwa kuwa anaishi huku, faini itamsubiri akirudi. Na anayepokea SSI inakatwa akikaa nje siku 30 mfululizo.

Maombi ya Medicare yanapokelewa na Social Security, ofisi ya serikali ya Marekani ya pensheni, simu 1-800-772-1213. Sema «Swahili» na watakutafutia mkalimani bila malipo. Mjukuu wa miaka 12 asiwe mkalimani wa mambo haya. Kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare wanaoitwa SHIP. Anayekupigia simu ghafla akitaka namba ya kadi ya mzee, kata. Barua ya Social Security ya kukataa maombi ikija, una siku 60 tangu kuipokea za kukata rufaa, na bahasha itunzwe pamoja na barua.