Volti zilizoandikwa kwenye kapasita si volti inazotoa

Kuna kauli inayozunguka kwenye vibanda vya mafundi wa elektroniki hapa Dodoma, na vijana wanaojiundia koili ya Tesla (mtambo wa kurusha cheche za volti kubwa) nyumbani wameipokea kama ilivyo: "Chukua kapasita ya volti mia nne, hiyo ndiyo inatoa moto mkubwa." Haitoi. Kapasita haina volti zake yenyewe.

Maana kwa haraka, kwani hili ni la sekondari. Kapasita ni sahani mbili za metali zilizotengwa na kihami. Inatunza chaji, na uwezo wake hupimwa kwa faradi. Rezista inabana mkondo, hupimwa kwa omu. Katika koili ya Tesla ya mwanya wa cheche, transfoma inaijaza kapasita, cheche inaruka mwanyani, na chaji inamwagikia kwenye mizunguko michache ya waya mnene, ikienda na kurudi kwa kasi ya mara laki moja au zaidi kwa sekunde. Basi.

Ile namba ya volti ni mpaka wa uvumilivu wa kihami. Ukiuvuka, kihami kinatoboka. Lori lililoandikwa tani 10 ubavuni halijaja na mzigo wa tani 10. Linakuonya tu usizidishe hapo. Kapasita ya volti 400 ukiichaji kwa betri ya volti 9 itakupa volti 9, na ya volti 25 ukiichaji kwa betri hiyohiyo itakupa 9 vilevile.

Hadi hapo wengi hukubali. Ugomvi wangu nao unaanzia kwenye herufi zinazofuata namba: DC (umeme wa upande mmoja) au AC (umeme unaogeuka-geuka). Umeme wetu wa ukutani tunauita wa volti 230, lakini kilele cha wimbi lake ni 230 mara 1.414, yaani kama 325. Kapasita ya 250 VDC, yaani volti 250 za DC, ukiichomeka hapo imezidiwa kabla hata wimbi la kwanza halijafika kileleni. Tena tatizo si kilele peke yake. Umeme unaogeuka-geuka hukichosha kihami, kwa joto na kwa cheche ndogondogo za ndani, ndiyo maana kiwanda hushusha namba. Ipo kapasita ya kampuni ya Cornell Dubilier ya familia ya 942C ambayo waundaji wa koili wanaipenda sana: 0.15 µF (mikrofaradi, yaani nanofaradi 150), volti 2000 za DC. Karatasi ya kiwanda inataja na za AC: 500. Kitu kilekile, robo ya namba.

Sasa chukua transfoma ya taa za neoni ya volti 6000 na miliampea 30. Kilele chake ni kama volti 8485. Ukiunga kapasita 6 za aina ile kwa mfululizo, volti zinajumlishwa na kufika 12,000 za DC, lakini uwezo unagawanyika na kubaki nanofaradi 25. Kwa DC umepita salama. Kwa AC una 3000, nusu ya unachohitaji. Mtu mkali wa hesabu ataunga 12 kwa mfululizo, kisha mistari miwili sambamba ili airudishe 25 yake, jumla kapasita 24. Wengi huridhika na 6 kwa sababu koili huwashwa kwa muda mfupi, haikeshi. Simlaumu yeyote, mradi ajue kwamba hapo anakopa.

Na hiyo 25 haikuokotwa. Kwa transfoma hiyo, uwezo unaolandana nayo (unaoingia mdundo mmoja nayo) kwenye umeme wetu wa hezi 50 ni kama nanofaradi 15.9, na tunaongeza kama mara moja na nusu ili kapasita na transfoma zisilandane na kupandishana volti. Ukinakili mchoro wa Marekani utakuta 13.3, kwa sababu kwao ni hezi 60. Mchoro wao si mbovu, ila haukuchorwa kwa ajili ya soketi yako.

Aina ya kihami nayo ina neno. Zile za kopo zinazong'olewa kwenye TV za chogo, zenye upande wa hasi, zitoe kabisa: mkondo wa koili unageuka pande zote mbili, na kopo likigeuziwa pande linachemka na linaweza kupasuka. Za kihami cha plastiki ya poliesta hupoteza nguvu nyingi zaidi kama joto kuliko za plastiki ya polipropilini. Tafuta polipropilini.

Neno kuhusu mwanya. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa kama sehemu ya kumi. Cheche huruka kwa volti pungufu kuliko Dar es Salaam, kwa mwanya uleule. Kijana anaona cheche zake ni fupi, anapanua mwanya, anapanua tena, bila kukumbuka kwamba mwanya ndio unaoilinda kapasita, kwa kuruka cheche kabla volti hazijavuka mpaka.

Tumalizie na rezista, maana huko kosa ni lilelile, ila limejificha. Kila kapasita kwenye mfululizo hubebeshwa rezista ya kama megaomu 10, ili ukizima imwage chaji isije ikakupiga. Watu huuliza wati tu. Wati hapo ni chache mno, haifiki hata 0.1 kwa kila kapasita. Lakini rezista nayo ina mpaka wa volti: ya robo wati kwa kawaida ni 250, ya nusu wati 350. Kwenye mfululizo wetu wa 6, kila kapasita inabeba kilele cha volti 1414. Rezista moja haiwezi. Unga tano za nusu wati, kila moja megaomu 2.2, na kila moja itabeba kama 283. Baada ya sekunde 8 hivi chaji imeshuka chini ya asilimia 1, na hata hivyo unganisha miguu yake kwa waya wenye mpini wa kihami kabla hujagusa.

Kwa hiyo akikwambia mtu, "Weka rezista ya wati 5, hiyo haiungui," mwambie taratibu kwamba zile nyeupe za saruji kwa kawaida ni za waya uliozungushwa na thamani zake huishia kwenye kilo-omu, megaomu hazifiki. Kisha muulize inahimili volti ngapi.