Anzia mtoni

Watu wa mjini wakiniuliza waende wapi kutafuta mawe na kurudi siku hiyo hiyo, wengi hutarajia niwatajie mlima. Mimi huwatajia mto. Mlimani mwamba umejificha chini ya udongo na majani, na unaweza kupanda asubuhi nzima ukaambulia jiwe la aina moja. Mto umekwisha kubomoa miamba ya bonde lake lote, ukaiosha, kisha ukaibwaga upande wa ndani wa kila kona, pale maji yanapopunguza kasi.

Kabla ya safari tazama ramani ya jiolojia. Nchi nyingi zina taasisi inayozichora, na nyingi sasa zinapatikana mtandaoni. Usihangaike na rangi zote. Tafuta mpaka ambapo graniti, mwamba mgumu wenye chembechembe kubwa, inagusana na miamba ya zamani zaidi, hasa mawe ya chokaa. Graniti ilipopenya ikiwa bado ujiuji wa moto, iliipika miamba jirani, na hapo ndipo madini kama ganeti, vito ambavyo mara nyingi huwa vyekundu, huweza kuzaliwa. Kisha angalia ni mto gani unatiririka kutoka huko.

Rangi ya nje ya jiwe ni shahidi mbaya. Chuma kikipata kutu hupaka kila kitu kahawia, kwa hiyo lowesha jiwe, au lipasue uone ndani (vaa miwani ya kukinga macho, maana vipande vya kwatzi, madini magumu yanayofanana na kioo, hukata kama wembe). Jiwe jeupe ndilo linalowachanganya wengi. Likwaruze kwa kisu cha chuma, ambacho kwenye kipimo cha Mohs cha mwaka 1812, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, kina ugumu wa karibu 5.5. Kalsiti, madini yanayounda mawe ya chokaa, yenye ugumu wa 3, itachimbika mara moja, na unga wake ukiudondoshea siki utatoa mapovu. Kwatzi ina 7: kisu kitaacha mstari wa kijivu juu yake, na watu hudhani jiwe limekwaruzika. Ufute kwa kidole. Ni chuma cha kisu hicho. Feldispa, madini mengine yaliyojaa kwenye graniti, yenye 6, nayo hushinda kisu, lakini hupasuka kwa nyuso bapa zinazometa ukiligeuza jiwe juani, wakati kwatzi hupasuka kwa mikunjo kama chupa nene.

Ukiona kitu cha manjano kinachong'aa, kisugue nyuma ya kigae, upande usio na mng'ao. Pairiti, madini ya chuma na salfa yanayofanana na dhahabu, huacha mchirizi mweusi wenye ukijani na hupondeka ukiigonga. Dhahabu huacha mchirizi wa manjano na hubonyea tu.

Sasa lile ninalolipenda kuliko yote. Umepata kokoto moja yenye ganeti. Usihesabu ngapi zaidi utapata hapo, panda na mto. Kila vijito viwili vinapokutana, chunguza changarawe ya kila kimoja. Aina hiyo ya jiwe ikitoweka kwenye kimoja, fuata kingine. Kadiri vipande vinavyozidi kuwa vikubwa na vyenye pembe kali, ndivyo mwamba mama unavyokaribia, kwa sababu safari ndefu majini hulainisha kingo. Watafuta madini wametumia njia hii tangu zamani, na mchana mmoja unatosha kuijaribu kwenye kijito kifupi. Msimu wa mvua sikushauri: maji hupanda ghafla hata kama mvua imenyesha mbali.

Barabara zilizokata vilima nazo hufaa, ila magari yanapita karibu. Machimbo usiingie bila ruhusa, na usisimame chini ya ukuta wake hata ukiruhusiwa. Katika hifadhi za taifa kuokota mawe kwa kawaida ni marufuku, na katika nchi nyingi madini ni mali ya dola hata yakiwa shambani mwa mtu, kwa hiyo uliza sheria kabla ya kubeba.

Kila jiwe lifunge kwenye karatasi yenye jina la mto, mahali ulipolitoa na tarehe, palepale ulipoliokota. Jiwe lisilojulikana limetoka wapi, kwa mjiolojia, halina kazi tena, hata liwe zuri namna gani.