Kibao cha "Mbwa Mkali" hakimwondolei mwenye mbwa lawama

Wakenya wengi huamini kwamba ukiumwa na mbwa kwenye geti lenye kibao cha "Mbwa Mkali", huna kesi. Sivyo. Sheria ya dhima ya wakaaji (yaani wajibu wa mwenye makazi kwa usalama wa wageni wake), Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inasema onyo peke yake halitoshi, ila kama lilimwezesha mgeni kuwa salama. Mleta maziwa amebisha hodi, mbwa hajafungwa: kibao kimemkinga vipi? Tena chaweza kuwa ushahidi kwamba mwenyewe alijua ukali wa mbwa wake.

Lakini kwanza osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ukimbilie chanjo ya kichaa cha mbwa. Kisha andikisha ripoti polisi, daktari ajaze fomu ya P3 (fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha), na utunze risiti zote. Kesi ya fidia hufunguliwa ndani ya miaka 3.