Je, wajua kwa nini tumbawe hunyauka hata kwenye tangi lenye maji maangavu?

Samaki wanakula, kioo kinang'aa, mchanga umetulia. Lakini tumbawe lililokuwa likichanua mwezi jana sasa limejikunja, rangi imefifia, na chini kwenye shina mfupa mweupe umeanza kuchungulia. Mwenye tangi, awe Malindi mjini au Watamu, hudhani maji yamechafuka. Anabadilisha nusu ya maji, anasugua mawe, anatia dawa mbili siku moja. Kesho yake hali imezidi, na hakuna tena ajuaye lipi lilianza.

Tumbawe huuawa na mabadiliko kuliko linavyouawa na uchafu. Nje kwenye mwamba, mbali na mdomo wa mto, chumvi hukaa karibu gramu 35 kwa kilo ya maji mwaka mzima. Joto nalo hupanda na kushuka pole pole kati ya kusi na kaskazi, kutoka nyuzi 25 hivi mwezi wa Agosti hadi 29 au 30 ifikapo Machi na Aprili. Tangi la lita 200 huweza kuyumba vibaya ndani ya siku kumi tu, na maji yakabaki maangavu vile vile. Chumvi haionekani kwa macho.

Tumbawe ni mnyama, tena ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, kila mmoja na mdomo wake na mikono yake. Ndani ya nyama yao huishi mwani wa chembe moja, unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Rangi ya kahawia ya tumbawe ni ya mwani huo. Chini ya nyama, polipu hujenga jiwe la chokaa, lile lile lililojengea kuta za Gede na nyumba kongwe za Lamu. Basi kuna vitatu vya kuharibika: mnyama, mwani wake, na ujenzi. Kila kimoja huacha alama yake.

Kwa hiyo, kabla mkono haujaingia majini, chukua tochi na kioo cha kukuzia. Mulika tumbawe kwa ubavu. Likiwa jeupe lakini juu ya jiwe unaona utando mwembamba unaong'aa kama ute, na polipu bado wanajitokeza, hilo limepauka tu: mwani umeondoka, mnyama yu hai. Likiwa jeupe kavu, vishimo vya jiwe viko wazi na kingo zake ni kali, na pale mpakani vipande vya nyama vinapepea kama nyuzi za kitambaa kilichochanika, hilo limebanduka nyama. La kwanza linaweza kungojewa wiki kadhaa. La pili lina siku chache, mara nyingine saa.

Mahali pa kuanzia pia pana maana. Kubanduka kunakoanza chini na kupanda mara nyingi ni alkaliniti iliyoyumba (uwezo wa maji kumpa polipu malighafi ya jiwe, tutaurudia chini), au maji hayazunguki kwenye shina. Kukianza kwenye ncha, mara nyingi alkaliniti imepandishwa juu mno huku maji hayana lishe. Hapa usijitishe bure: tumbawe la matawi linalokua huwa na ncha nyeupe laini zenye polipu hai, na hiyo ni dalili ya afya. Jeraha la upande mmoja tu mara nyingi ni la kuumwa na tumbawe jirani.

Sasa chumvi, ambayo kwa hali yetu ya pwani ndiyo ningeitazama kwanza. Chukua tangi la sentimita 120 kwa 45, lisilo na kifuniko, feni ikipuliza juu yake mchana wa Februari. Maji yakishuka milimita 4 tu kwa siku, zimekwenda zaidi ya lita 2. Kilichopaa ni maji matupu. Chumvi yote imebaki. Mtu akijazia pengo kwa maji ya bahari, kwa kuwa bahari iko karibu na tumbawe ni la bahari, kila siku anaongeza takriban gramu 70 za chumvi. Siku kumi ni gramu 700. Katika lita 200 hizo, 35 imekuwa 38.5, na hakuna aliyekosea kwa makusudi.

Pengo la mvuke hujazwa kwa maji matamu yaliyosafishwa. Bandika utepe kwenye kioo usawa wa maji, ujaze hadi hapo kila asubuhi. Ukiwa na kifaa cha kujaza chenyewe ni bora zaidi, kwa sababu hujaza kidogo kidogo. Pima kwa rifraktomita, kifaa cha kusomea chumvi kwa mwanga, uisawazishe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35, si kwa maji matupu peke yake. Ile haidromita, kipimo cha chumvi cha plastiki chenye mkono, hudanganywa na kiputo kimoja cha hewa. Ukikuta 38.5, usirudishe 35 kwa siku moja. Toa lita 5 za maji ya tangi, rudisha lita 5 za maji matamu. Utashuka kama gramu moja. Rudia kesho na keshokutwa mpaka ufike.

Na maji hayo matamu yatoke wapi? Si kwenye bomba la kiyoyozi, hata kama yanaonekana kama yaliyokenekwa: yamepita juu ya mirija ya shaba, na shaba kidogo sana huua polipu, kamba na konokono. Si maji ya mvua ya mabati, ambayo hubeba zinki. Maji ya kisima cha pwani huwa mazito kwa chokaa, na palipo na vyoo vya shimo jirani hubeba nitrati pia. Yanayofaa ni ya mashine ya kuchuja kwa utando, kama wanazotumia wauza maji ya kunywa. Uliza kama wameyarudishia madini baada ya kuchuja, kisha tia kipimo cha madini. Kisome sifuri au karibu nayo.

Chumvi ikiwa sawa, pima alkaliniti. Huu ni uwezo wa maji kumpa polipu malighafi ya kujengea jiwe, na vipimo vya dukani huuandika kwa dKH. Maji ya bahari huwa karibu 7. Tangi linaweza kukaa popote kati ya 7 na 10, mradi lisihame hame. Wengi hupima kalsiamu peke yake, wakaona miligramu 400 kwa lita na kuridhika. Hapo ndipo wanapopotea. Kwa kila miligramu 20 za kalsiamu ambazo matumbawe hutumia katika lita moja, alkaliniti hushuka 2.8 dKH. Kalsiamu ikitoka 420 hadi 400 huwezi hata kuhakikisha kwa kipimo cha matone, lakini alkaliniti imetoka 8 hadi 5.2 na ujenzi unaweza kusimama.

Kupandisha ni kazi ya jikoni. Gramu 3 za soda safi ya kuokea hupandisha lita 100 kwa 1 dKH. Kwa tangi letu la lita 200 ni gramu 6. Pima kwa mizani, yeyusha katika nusu lita ya maji yaliyochujwa, mimina taratibu mbele ya pampu. Usizidi 1 dKH kwa siku. Soma pakiti: pauda ya kuumulia keki ina wanga na tindikali ndani yake, haifai. Magadi ya kupikia maharagwe, yanayochimbwa Ziwa Magadi, yana mchanganyiko wake mwenyewe na floridi juu, hayafai pia. Pima saa ile ile kwa siku nne mfululizo bila kutia kitu, ugawanye kushuka kwa siku. Hicho ndicho kiasi ambacho matumbawe yako yanakula. Tumbawe likifa, kiasi hicho hupungua, na anayeendelea kumimina dozi ya zamani huyaunguza yaliyobaki.

Joto ni rahisi kueleza, gumu kulishinda. Maji yakizidi nyuzi 1 tu juu ya kilele cha kawaida cha msimu wa joto, yakakaa hivyo wiki kadhaa chini ya mwanga mkali, mwani ulio ndani ya polipu huanza kutoa oksijeni yenye sumu, na mnyama huutema. Ndivyo matumbawe ya pwani yetu yalivyopauka mwaka 1998 na tena 2016. Tangini, lenga nyuzi 25 hadi 27. Feni ndogo ya mezani hushusha nyuzi 2 hadi 3 kwa kuyavukiza maji, maana yake utepe wa kioo uangaliwe zaidi. Chupa za barafu hushusha ghafla, kisha joto linarudi ghafla, bora kuziacha. Tumbawe lililopauka lipunguziwe taa hadi nusu na lilishwe chakula cha unga laini usiku mara mbili kwa wiki, maana jiko lake la ndani limezimika. Stima ikipotea, cha kwanza si joto bali hewa: maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na usiku hakuna mwani wa kuizalisha. Pampu ya hewa ya betri iwe karibu, imechajiwa.

Lipo pia tumbawe linalokufa njaa kwa usafi. Nitrati na fosfeti, ambazo ndizo lishe ya majini, zikiwa sifuri, nyama hupauka na kuwa nyembamba. Nitrati iwe miligramu 2 hadi 10 kwa lita, fosfeti 0.03 hadi 0.1. Zikizidi sana tumbawe hugeuka kahawia iliyopoa, jambo baya lakini si la dharura. Zishushwe kwa wiki nyingi.

Vipimo vyote vikiwa sawa, zima taa, ngoja saa mbili, urudi na tochi nyekundu. Tumbawe aina ya Galaxea hunyoosha usiku mikono mirefu ya kudungia, na jirani aliye umbali wa sentimita 15 bado yumo hatarini. Alama za mviringo zilizopauka kwenye matawi ni meno ya minyoo bapa. Pulizia kwa bomba la sindano lisilo na sindano uone kama kitu kinang'oka. Tazama pia sumaku ya pampu. Ikipasuka ganda, hutoa kutu siku zote.

Mabadiliko ya maji yawe mtungi mmoja wa lita 20 kwa wiki, ambao haukuwahi kutiwa mafuta wala sabuni. Maji ya bahari yachotwe yakiwa yanajaa, mbali na mdomo wa mto Sabaki. Wakati wa kaskazi mkondo hulisukuma tope la mto kusini kuja Malindi mjini na kwenye hifadhi yake ya bahari. Kusi hulipeleka upande wa pili. Yaache yatue, uyalinganishe joto na chumvi kabla ya kumimina. Maji tu, lakini: ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, hakiondolewi kitu, na kipande cha tumbawe kilichovunjwa mwambani kwa ajili ya sebule ni hasara isiyorudi. Matumbawe magumu yote yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini. La tangini liwe la kupandikizwa, lenye karatasi zake.

Nyama ikiendelea kubanduka hata baada ya kurekebisha, kata. Tumia mkasi mgumu, sentimita moja ndani ya sehemu iliyo hai, gandisha kipande kwenye jiwe dogo kwa supa glu ya jeli, ukiweke pasipo mwanga mkali lakini maji yakipita. Baada ya wiki mbili hivi tazama ule mpaka kwa kioo: ukiwa umevimba kidogo na kuanza kupanda juu ya gundi, nyama inatembea.