Anwani ya "mikopo" ni ya nani? Leseni za bakapu kwa masanduku ya pamoja

Mhasibu wa Sacco moja kando ya Barabara ya Mombasa alikuja katika kitengo chetu cha TEHAMA akitafuta barua za mwaka mzima. Maombi yote ya mikopo yalikuwa yakiingia kwenye anwani moja ya barua pepe, inayosomwa na watu sita. Mmoja wao, katika kusafisha sanduku, alifuta folda nzima. Hiyo ilikuwa Januari. Iligunduliwa Machi, wakaguzi wa hesabu walipobisha hodi. Na si kwamba Sacco ilikuwa imezembea: ililipia bakapu, yaani nakala za akiba za barua zake, kila mwezi, na kila mfanyakazi alikuwa na leseni yake. Sanduku la mikopo ndilo lililoachwa nje, kwa kuwa halikuwa mfanyakazi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anwani za "info", "malipo" na "karo" ndizo zenye mali nyingi ya ofisi, na ndizo zisizo na mwenyewe.

Tuanze na barua pepe yenyewe. Katika Microsoft 365, huduma ya barua pepe na programu za ofisi, sanduku la pamoja, yaani lisomwalo na watu kadhaa, halihitaji leseni mradi lisizidi gigabaiti 50. Wanaohitaji leseni ni watu wanaolifungua. Likipita hapo, kwanza hushindwa kutuma, kisha kupokea, mpaka ulinunulie leseni ya daraja la juu. Google Workspace, huduma kama hiyo ya Google, haina sanduku la namna hii hasa. Ofisi huunda kundi la barua pepe, ambalo halilipiwi, au hufungua akaunti kamili na kuwapa wengine ruhusa ya kuisoma. Akaunti hiyo hulipiwa kama ya mtu yeyote.

Sasa, bakapu ni mkataba mwingine, mara nyingi na kampuni nyingine, na una kipimo chake cha kuhesabu. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Wanadhani sanduku lililo bure upande mmoja ni bure upande wa pili, au kwamba lililo bure linalindwa lenyewe tu.

Wauzaji wengi huhesabu watu. Unanunua leseni moja kwa kila mfanyakazi, na masanduku ya pamoja hubebwa bila malipo ya ziada. Veeam, mmoja wa wauzaji hao wa bakapu, hufuata utaratibu huu. Lakini kubebwa bure si kubebwa bila kuombwa: msimamizi huenda akalazimika kuyatia kwenye orodha ya vinavyonakiliwa, na kama alichagua watu kwa majina siku ya kwanza, masanduku hayo yatabaki nje miaka nenda miaka rudi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Sacco yetu. Leseni haikuwa na tatizo lolote.

Wengine huhesabu kila sanduku, liwe la mtu au la ofisi. Shule yenye walimu na wafanyakazi 40 na anwani 12 za pamoja italipia leseni 52. Kuna na wanaopima ukubwa. Huduma ya bakapu ya Microsoft yenyewe, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2024, ilitangazwa kwa senti 15 za dola kwa kila gigabaiti kwa mwezi. Anwani zile 12 zikiwa na gigabaiti 30 kila moja, hiyo ni dola 54 kwa mwezi, na bili hupanda kadiri wazazi wanavyotuma picha za risiti za M-Pesa.

Ipi ni nafuu? Kwa ofisi yenye watu wachache na masanduku mengi, mimi ningechagua kuhesabiwa kwa watu bila kusita. Ila kuna mtego. Ofisi nyingi hapa mjini humpa kila mtu nenosiri moja la anwani ya "info", limebandikwa kwenye skrini ya mapokezi. Sanduku linalofunguliwa kwa nenosiri lake lenyewe si la pamoja tena machoni pa leseni: linahitaji leseni yake ya barua pepe, na programu nyingi za bakapu zikiiona leseni hiyo hulihesabu kama mtu. Isitoshe, barua ikifutwa hutajua ni nani aliyeifuta. Zuia akaunti hiyo kuingia moja kwa moja, kisha mpe kila mmoja ruhusa kupitia jina lake.

Mfanyakazi akiondoka, usikimbilie kufuta akaunti yake, maana sanduku lake hudumu siku 30 tu na kupotea. Njia ya kawaida ni kuligeuza kuwa la pamoja, kisha kuiondoa leseni. Kabla ya hapo muulize muuzaji wa bakapu, kwa maandishi, kama nakala za zamani zitabaki na kama zitaendelea kuhesabiwa.

Mtu ataniuliza, kwani barua iliyofutwa si hukaa kwa muda? Hukaa. Katika Microsoft 365 ikishatolewa hata kwenye folda ya zilizofutwa, hurudishika kwa siku 14, na msimamizi anaweza kuongeza hadi 30. Sheria ya kodi ya Kenya inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamdai anayeshika taarifa za watu aweze kuzirejesha upesi zikipatwa na hitilafu, na fomu za mikopo zenye nambari za vitambulisho ni taarifa hizo hasa.

Sacco ile ilipata nusu ya mali yake kwa bahati. Kwa kawaida, jibu linalotumwa kwa jina la sanduku la pamoja huhifadhiwa kwenye barua zilizotumwa za yule aliyejibu, wala si kwenye sanduku lenyewe. Wale sita walikuwa na bakapu. Tukafungua nakala zao na kuyakuta majibu, ombi la mwanachama likiwa limenukuliwa chini ya kila moja. Viambatisho havikuwemo, kwa sababu barua ikijibiwa viambatisho vyake haviendi nayo. Mhasibu alianza kuwapigia wanachama simu mmoja mmoja, akiwaomba hati za mishahara upya.