Mnada wa ngamia wa Pushkar: wanayoniambia wafugaji na mambo yalivyo

Kila ifikapo Oktoba na Novemba, video za Pushkar, mnada mkubwa wa mifugo huko India, huanza kuzunguka kwenye simu: ngamia waliovishwa shanga, manyoya yamenyolewa kwa nakshi, vumbi la jioni nyuma yao. Nami, daktari wa mifugo ninayehudumia wafugaji wa ngamia kaskazini mwa Kenya, huanza kupigiwa simu. Mmoja anataka nimsaidie kuagiza dume kutoka huko. Mwingine anauliza kwa nini sisi hatuna sheria kama yao. Wa tatu ameshalipia tiketi ya ndege, na tarehe aliyochagua itamkutanisha na uwanja uliokwisha kuhamwa. Nimeshachoka kujibu mmoja mmoja.

“Daktari, kule ngamia analindwa na sheria, ndiyo maana wamejaa vile.”

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, na nitakaa nalo. Sensa ya mifugo ya India ya 2019 ilihesabu ngamia 250,000 hivi katika nchi nzima. Mwaka 2012 walikuwa 400,000. Jimbo la Rajasthan, ambako Pushkar iko, lilishuka kutoka 326,000 hadi 213,000 katika kipindi hicho hicho. Kenya nayo ilihesabu mifugo yake mwaka huo wa 2019 na kupata ngamia zaidi ya milioni 4. Kwa hiyo mfugaji wa Wajir anayetazama video zile na kumezea mate anatazama watu wanaoishiwa na kile ambacho yeye anacho tele.

Wameishiwa vipi? Muulize Raika. Hao ndio wafugaji wa jadi wa ngamia wa Rajasthan. Simulizi yao inasema mungu wa kike Parvati alimfinyanga ngamia kwa udongo, mungu Shiva akamtia uhai, kisha akamuumba Raika wa kwanza ili amchunge. Kwa desturi yao hawakula nyama ya ngamia wala hawakumuuzia mchinjaji. Jike alibaki zizini azae. Kilichopelekwa mnadani ni dume la kazi, la kulima, kubeba mizigo na kuvuta mikokoteni yao ile inayotumia matairi makuukuu ya ndege. Uchumi wote wa kundi ulisimama juu ya dume huyo.

Kisha mkulima akanunua trekta. Barabara zikafika, pikapu zikafuata. Mfereji wa Indira Gandhi ukageuza sehemu kubwa ya malisho ya jangwani kuwa mashamba, na misitu mingine ikafungwa isilishwe mifugo. Dume la kazi likakosa mnunuzi, na wafugaji waliobanwa wakaanza kuuza hata majike, jambo ambalo babu zao wasingelikubali, na wengi wa majike hao wakaishia machinjioni.

Serikali ya jimbo iliona hatari. Mwaka 2014 ikamtangaza ngamia kuwa mnyama wa jimbo, na 2015 ikapitisha sheria inayokataza kumchinja na kumtoa nje ya Rajasthan bila kibali. Nia ilikuwa njema, siipingi. Lakini fikiria mnunuzi aliyekuwa akija Pushkar kutoka jimbo jingine: sasa anaogopa kukamatwa njiani na lori lake. Haji. Bei ya dume ikaporomoka, na mfugaji aliyemtembeza mnyama siku kadhaa hadi mnadani akarudi naye nyumbani. Mtu asiyeweza kuuza madume yake atazalisha ya nini? Idadi ilikuwa ikishuka tangu kabla ya sheria, hilo ni kweli. Sheria ilikuja kuziba mlango wa mwisho uliokuwa wazi.

Kwa hiyo mkiniambia tuandike sheria kama ile, nawaonyesha kina mama wa Isiolo wanaopakia madumu ya maziwa ya ngamia kwenye basi kwenda Eastleigh, Nairobi, nawaonyesha wauza nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa ikahifadhiwa, na wachinjaji wa Garissa. Hao ndio wanaomfanya kijana wa Marsabit aone faida ya kuchunga ngamia badala ya kununua bodaboda.

“Dume la Rajasthan litaongeza maziwa.”

Kwanza, kumtoa huko ni shida kisheria, nimeshaeleza. Pili, dume anayeuzwa Pushkar amechaguliwa kwa vizazi vingi kwa nguvu za kuvuta. Nguvu za bega hazijazi kibuyu. Ushauri wangu ni ule ule, na nitaurudia hadi mnichoke: nunua daftari. Pima maziwa ya kila jike asubuhi na jioni, andika, fanya hivyo msimu mzima. Kisha mweke awe wa kupandisha dume aliyezaliwa na jike bora katika daftari, hata kama umbo lake si la kupigwa picha. Wengi wenu humchagua dume kwa urefu na rangi, halafu mnaniita kuuliza kwa nini binti zake hawana kiwele.

“Siku yenyewe ya mnada ni ya mwezi mpevu.”

Ndiyo, kwa mahujaji. Pushkar ni mji mtakatifu wa Wahindu, una hekalu maarufu la mungu Brahma na ziwa lililozungukwa na sehemu 52 za kuogea zenye ngazi. Siku tano za mwisho, hadi mwezi mpevu wa Kartik, mwezi wa kalenda ya Kihindu, umati hufika kuoga. Lakini wafanyabiashara wa mifugo hutangulia mapema na huanza kuondoka kabla mwezi haujajaa. Atakayefika siku ya kilele ataona watu kila pembe, na uwanjani ataona samadi. Kwetu Kenya hesabu ni rahisi kwa sababu Diwali tunaijua: mwezi mpevu huo hufika kama siku 15 baada yake. Ukitaka mifugo, uwe umefika wiki ya kwanza baada ya Diwali.

“Ni maonyesho tu ya watalii.”

Mnachanganya na tamasha za watalii za miji ya Bikaner na Jaisalmer. Pushkar watalii wameongezewa, mashindano na muziki pia, lakini biashara ipo. Mwaka 2022, ugonjwa wa mapele ya ngozi ulipowashambulia ng'ombe, mifugo ilizuiwa kuja, na waliopata hasara ni wafugaji. Siku hizi fedha nyingi ziko kwa farasi, hasa wale wa Marwari ambao ncha za masikio yao hupinda ndani hadi zikagusana.

“Yule dume anaumwa, anatoa utumbo mdomoni.”

Haumwi. Mnada huangukia mwanzo wa msimu wa madume kupanda majike. Dume hujaza hewa nyama laini ya kaakaa, ikatokeza pembeni mwa mdomo kama puto jekundu lenye mate, huku koo likitoa sauti ya maji yanayochemka. Nyuma ya masikio hutoka ute mweusi unaonuka, na mkia hurusha mkojo hadi mgongoni. Wafugaji wetu wanalijua hilo tangu utotoni. Wanaonitumia picha kwa hofu ni watu wa mjini. Msisimame mbele yake kupiga picha. Dume wa msimu huuma, na meno yake huvunja mfupa.

“Nundu ni tangi la maji.”

Ni mafuta. Tuendelee.

“Nitakula nyama ya ngamia huko huko.”

Hutakula. Ndani ya mji wa Pushkar nyama, mayai na pombe ni marufuku, na wenyeji hawafurahii kuulizwa. Kuna dengu, mboga, chapati na chai ya maziwa, na hata wateja wangu wasioweza siku bila nyama wanaweza kuishi navyo wiki moja.